Mizizi Nayo Hupumua: Historia Fupi ya Kulima Bila Udongo

Kwa kawaida hapa tunazungumzia programu na tarakilishi. Leo nawapeleka kwenye ndoo ya sukuma wiki iliyokufa roshani kwangu hapa Nairobi, na historia ambayo ingeiokoa kama ningeisoma mapema.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya lita 20. Nilitoboa mfuniko, nikatia maji yenye virutubisho, nikapachika miche minne. Nikamwahidi mama kwamba hatutanunua mboga tena. Wiki ya tatu majani yakaanza kulegea. Nikadhani ni njaa, nikaongeza virutubisho. Nikadhani ni kiu, nikajaza maji hadi kwenye mfuniko. Siku nne baadaye nikafunua: mizizi ilikuwa ya kahawia, yenye utelezi, inanuka kama mtaro. Nilipouvuta mzizi mmoja ganda lilivuka, ukabaki uzi mwembamba mkononi. Mama akatazama akasema, "Mwanangu, hizi umezizamisha." Nikamcheka. Mmea wa majini utazamaje?

Basi nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba swali hilo lina umri mkubwa kuliko baba wa babu yangu.

Katika miaka ya 1860 huko Ujerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop walikuza mimea ndani ya mitungi ya maji na chumvi za madini. Walithibitisha kwamba mmea hauhitaji udongo wenyewe, unahitaji madini yaliyomo. Sasa sikia hili: mwaka 1858, muda mfupi tu kabla, Mjerumani mwingine, Nathanael Pringsheim, alikuwa amekipa jina kiumbe kiitwacho Pythium. Ndicho mshukiwa mkuu mizizi inapooza majini. Hufanana na kuvu lakini si kuvu. Kiukoo kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Vijimbegu vyake vina mikia na huogelea hadi kwenye mzizi. Kwa hiyo teknolojia hii na adui wake waliingia vitabuni karibu wakati mmoja.

Mwaka 1929, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipendekeza kilimo cha majini kiwe njia ya kuzalisha chakula, si majaribio ya maabara tu. Minyanya yake ilipanda zaidi ya mita 7. Mwaka 1937 akatangaza jina haidroponiki. Magazeti yakashika moto, na watu wakaamini kwamba utajiri uko ndani ya beseni la maji. Chuo kikaona heri kipime madai hayo. Mwaka 1938, Dennis Hoagland na Daniel Arnon wakatoa kijitabu chao: mavuno ya majini hayapiti yale ya udongo mzuri uliotunzwa vizuri. Wakasisitiza pia kwamba mizizi lazima ipate hewa.

Jambo hilo la hewa ndilo lililonipita. Fomula ya virutubisho ya Hoagland ilisambaa duniani kote, na mimi nikaichukua kama tunavyonakili msimbo wa mtu bila kusoma maelezo yake.

Ukiangalia kilichofuata, karibu kila hatua ni jibu la swali moja: hewa itaufikiaje mzizi? Mwaka 1945 jeshi la Marekani lililima mboga katika kisiwa kikavu cha Ascension, kwenye vitanda vya kokoto za volkano. Vitanda vya kokoto hujazwa maji kisha hukaushwa. Maji yakishuka, hewa huvutwa ndani. Miaka ya 1960 na 1970, Allen Cooper wa Uingereza alipitisha maji membamba kama utando kwenye mfereji, sehemu ya juu ya mizizi ikabaki nje. Kisha Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii akaonyesha njia isiyohitaji pampu wala stima. Maji hupungua kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi ya juu huzoea hewa. Sharti lake: usijaze tena hadi juu, maana mizizi iliyozoea hewa itakosa pumzi.

Hapo nikamkumbuka mama. Nilikuwa nimeizamisha kweli, kwa mkono wangu mwenyewe. Pythium ilikuja tu kumalizia mizizi iliyokwisha dhoofika.

Kuna hesabu nyingine inayotuhusu. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, hivyo maji yetu hata yakiwa na nyuzi 20 hubeba kama 7.4 tu. Tunaanza pale maji ya moto ya pwani yanapoishia! Na joto likizidi, mzizi hutaka oksijeni zaidi, si kidogo.

Basi, haya ndiyo ninayofanya sasa:

1. Naacha nafasi ya hewa kati ya mfuniko na maji. Nikiongeza, naongeza kidogo, siifuniki mizizi ya juu.

2. Ndoo naiweka kivulini, imepakwa rangi nyeusi ndani kuzuia mwanga na mwani, na nyeupe nje kurudisha joto.

3. Mmea ukilegea ilhali maji yapo, natazama mizizi kwanza. Mizizi yenye afya ni myeupe na migumu kidogo.

4. Baada ya kuvuna naosha ndoo kwa dawa ya klorini, nasuuza vizuri, naianika juani. Mizizi ya zamani siiachi ndani.

5. Mwenye stima ya uhakika atumie pampu ndogo ya tangi la samaki. Ila stima ikipotea, ile nafasi ya hewa ndiyo akiba.

Ndoo ya pili ilikomaa. Mama alichuma mwenyewe, akapika, tukala na ugali. Hakusema kitu juu ya ile ya kwanza, nami sikumkumbusha.

Wasalaam, hadi wakati mwingine.