Brashi ilitangulia bomba

Kwenye barabara ya Bungoma kuelekea Webuye, hapa Mabanga, matrekta ya miwa hupita yakielekea kiwanda cha sukari cha Nzoia. Tazama trela zao: baadhi zimepakwa rangi ya mafuta kwa brashi, na mistari ya brashi inaonekana hata ukiwa mbali. Wenye magari mapya hucheka. Wangejua historia, wangecheka kidogo tu.

Magari ya mwanzo yalipakwa kwa mkono. Mafundi walitoka kwenye karakana za magari ya farasi wakiwa na rangi ya mafuta na vanishi, na kila mkono wa rangi ulisubiriwa ukauke, ukasuguliwa, ndipo ukafuata mwingine. Gari moja lilikaa wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni za Du Pont na General Motors wakaleta Duco, rangi inayokauka kwa saa badala ya siku, na magari ya Oakland ya modeli ya 1924 yakauzwa yakiwa na rangi hiyo, ya buluu. Ila Duco haimsubiri mwenye brashi: ukirudia mahali ulipopita, inavutika. Bomba la kupulizia likashinda kwa sababu hiyo.

Kwetu brashi haikuondoka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, magari kuukuu yaliingia barabarani kwa wingi. Kisha kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zikadai kila matatu iwe na mstari wa manjano ubavuni. Aliyekuwa na utepe wa kubandika na kopo la rangi hakuhitaji kompresa.

Nyumbani, kazi yenyewe ni uvumilivu. Osha gari kwa sabuni, lisugue kwa msasa wa maji, futa kwa tina, funika vioo kwa magazeti. Anza na paa, asubuhi kabla ya upepo wa vumbi, kwa brashi laini. Rangi ya mafuta hukauka polepole, hivyo hujisawazisha yenyewe. Mkono mwembamba mara tatu hushinda mnene mara moja. Bungoma mvua hupenda kuja alasiri, na wadudu hupenda rangi mbichi usiku, kwa hiyo banda ni muhimu kuliko brashi ya bei ghali.

Na ukibadilisha rangi, usisahau logibuku: rangi ya gari imeandikwa humo, na polisi hataki kujua kama ulipuliza au ulipaka.