Mnyororo wa Makabidhiano

Chukua shati lenye damu. Askari amelikuta chini ya kitanda saa nane za usiku, mjumbe wa mtaa na jirani mmoja wakishuhudia. Kama anaijua kazi yake, halitii kwenye mfuko wa nailoni. Nailoni huzuia hewa, unyevu hubaki ndani, ukungu na bakteria huanza kuila damu, na vinasaba vikaharibika kabla shati halijafika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hulianika likauke mahali safi, akalitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga, kisha akaweka saini pale kifuniko kinapokutana na bahasha, nusu ya saini huku na nusu kule. Akiibandua mtu, saini inakatika.

Tangu hapo shati lina safari, na kumbukumbu za safari hiyo ndizo wanasheria wetu wamezoea kuziita mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilizieleza vizuri katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007: ni maandishi yanayofuata mpangilio wa matukio, yakionyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilikotunzwa, kilivyodhibitiwa, kilivyohamishwa, kilivyochunguzwa na hatima yake. Shabaha ni mahakama ijiridhishe kwamba kinacholetwa mbele yake ndicho kile kile kilichokamatwa, wala hakikupandikizwa ili mtu aonekane mkosaji.

Ugomvi wangu ni na neno utunzaji. Mtu akisikia utunzaji huona ghala lenye kufuli, au kabati la chuma pale kituoni. Ghala ni sehemu ndogo ya habari hii. Kielelezo kikiwa kimetulia rafuni hakina hatari kubwa. Hatari huja kinapotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine: mpelelezi kwa mtunza vidhibiti, mtunza vidhibiti kwa dereva wa kwenda maabara, mapokezi ya maabara kwa mkemia, kisha njia nzima ya kurudi. Kila kupokezana ni mlango, na kwenye mlango ndipo kete hamsini na mbili za dawa za kulevya zilizoandikwa kwenye rejesta hugeuka hamsini kwenye ripoti.

Ndiyo maana mimi huandika mnyororo wa makabidhiano. Neno hili tunalo na tunalitumia kila siku. Mtendaji wa kijiji anayehama huandika hati ya makabidhiano. Muuguzi anayemaliza zamu hukabidhi wodi kwa anayeingia. Tena sheria yetu imeliweka neno hilo mahali pa heshima: afisa wa umma anayesimamia mirathi na amana huitwa Kabidhi Wasii Mkuu. Asili yake ya Kiarabu ni kushika, kutia mkononi. Kisha tazama kile kiambishi -an- kilichokaa katikati ya kukabidhiana. Hakikubali mtu mmoja. Lazima awepo anayetoa na anayepokea, na wote wawili waandike: nani, kitu gani, kikiwa na hali gani, tarehe na saa ngapi. Sarufi yenyewe imeshabeba sharti ambalo viwango vya taaluma hulieleza kwa kurasa nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo jina zuri lingetusaidia kuliona. Shati lile lile hubadili jina njiani. Kituoni ni kidhibiti. Maabara, kipande chake huwa sampuli. Likishapokelewa mahakamani linakuwa kielelezo na kupewa namba mpya. Majina matatu, ofisi tatu, namba tatu. Bila karatasi inayoziunganisha, hakuna awezaye kuapa kwamba damu iliyopimwa ni ya shati lililotoka chini ya kitanda. Mkemia anaweza kuwa amepima kwa usahihi mkubwa, na majibu yake yasimhusu kabisa mtu aliye kizimbani.

Aliyekaa chuoni mbele ya maalimu haoni ugeni hapa. Hadithi za Mtume huja na isnadi: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Msimulizi mmoja akikosekana katikati, au akijulikana si mwaminifu, hadithi huhesabiwa dhaifu hata kama maneno yake ni mazuri. Nilifikiria hata kupendekeza silsila badala ya mnyororo, lakini mnyororo umeshaota mizizi mahakamani na sioni sababu ya kuung'oa. Wanazuoni hao hao hawakuishia kwenye isnadi. Waliichunguza na matini, yaani maneno yenyewe. Vivyo hivyo saini kamili hazithibitishi kwamba kipimo kilifanyika.

Maabara moja ya serikali huko Massachusetts, Marekani, ilijifunza hayo kwa machungu. Mwaka 2011 iligundulika kwamba mkemia Annie Dookhan alikuwa ametoa sampuli 90 kwenye chumba cha vidhibiti bila kusaini, kisha akaghushi kumbukumbu za rejesta. Uchunguzi uliofuata ulionyesha makubwa zaidi: sampuli nyingi alizitazama kwa macho tu, akaandika kwamba amezipima. Kufikia mwaka 2017 kesi zaidi ya 21,000 za dawa za kulevya zilikuwa zimefutwa. Tukumbuke tu kwamba uzi wa kwanza kuvutwa ulikuwa nafasi tupu kwenye rejesta ya makabidhiano.

Mahakama ya Rufani imelegeza kamba kidogo tangu ule uamuzi wa awali. Imesema kukatika kwa mnyororo si lazima kuue kielelezo, hasa kitu kisichobadilishwa kwa urahisi, na imelitumia hilo kwa pembe za ndovu. Nakubali: pembe si unga wa kuchanganywa na chumvi. Ila damu, unga na noti za fedha hazina bahati hiyo, na ningesikitika kuona msamaha wa pembe ukihamia kwenye kete.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Mshtakiwa sasa anaweza kusikia kwa lugha yake wakili wake akimuuliza askari, “Ulimkabidhi nani?” Swali hilo hata mtu asiyesoma sheria hulielewa papo hapo, na kitenzi chake ndicho ninachotaka kikae ndani ya istilahi.

Bahasha yetu sasa imefika maabara. Mkemia mwenye uzoefu hagusi pale ilipofungwa. Huikata upande mwingine, akatoa shati, akachukua kipande, akalirudisha, akafunga pale alipokata na kutia saini yake. Hakimu akiipokea ataona mishono miwili: wa askari, saini yake ikiwa nzima kama alivyoiacha usiku ule, na wa mkemia.