Mpelelezi wa bima akikufuata hadi dukani: kisa cha Uswisi, 1995 hadi 2018

UZI. Kila mjadala wa bima ukianza hapa tunagawanyika mara moja. Wengine wanasema madai ya uongo ndiyo yanapandisha ada kwa kila mtu, kwa hivyo anayedai fidia ya ajali afuatwe hadi ukweli ujulikane. Wengine wanasema majeruhi si mshukiwa. Halafu lazima atokee yule wa "kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Uswisi walibishana hivi kwa miaka mingi, korti ikaamua, na mwisho wananchi wakapiga kura.

Agosti 1995 mwanamke mmoja aligongwa na pikipiki, akaanguka chali barabarani. Baada ya hapo madaktari hawakukubaliana ameumia kiasi gani, na kesi ikawa ya kwenda na kurudi kortini kwa miaka. Kampuni iliyombeba chini ya bima ya lazima ya ajali ikamtaka apimwe tena. Akakataa. Kampuni ikaajiri wapelelezi binafsi.

Oktoba 2006 wapelelezi walimfuata kwa siku 4 tofauti, ndani ya kipindi cha siku 23, masaa kadhaa kila mara. Walirekodi nini? Anatembeza mbwa. Anaendesha gari. Anaenda dukani. Basi. Daktari wa mishipa ya fahamu akasoma faili pamoja na ripoti ya wapelelezi, akasema uwezo wake wa kazi umepungua kwa asilimia 10 tu. Na mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya Uswisi ikasema upelelezi huo ulikuwa halali.

Hapa nisimame kidogo. Sisemi video ni ushahidi bure. Lakini kamera inaonyesha masaa iliyowashwa tu. Mtu aliyeumia shingo anaweza kuendesha gari Jumanne na kushinda kitandani Jumatano, na hakuna mpelelezi anayelipwa kupiga picha ya pazia lililofungwa. Anayechagua siku za kurekodi ndiye pia anayetaka kupunguza malipo.

Mama huyo akaenda Strasbourg, kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 18 Oktoba 2016 akashinda. Lakini someni sababu vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea. Mahakama haikusema bima isipeleleze mtu. Ilisema sheria ya Uswisi ilikuwa ya jumla mno: haikueleza nani anaidhinisha, upelelezi uishe lini, picha zihifadhiwe wapi, nani azione, lini zifutwe. Haki ya faragha ilivunjwa kwa kukosa sheria iliyo wazi. Tena mahakama hiyo hiyo ikasema kutumia ripoti ya wapelelezi kortini hakukumnyima kesi ya haki. Alipewa euro 8,000 kwa maumivu ya moyo.

Linganisha na Uhispania. Mwanamume aliyegongwa na gari akiwa kwa baiskeli alidai fidia, akisema ajali ilimwachia hofu ya kuendesha chombo chochote barabarani. Wapelelezi wa bima ya mwenye gari wakamrekodi akiendesha pikipiki. Mwaka 2014 alishindwa Strasbourg: alirekodiwa hadharani, video ilikuwa ya kesi tu, na kazi ya wapelelezi binafsi ilikuwa na sheria yake huko.

Kuna swali lingine lililowasumbua Waswisi. Kampuni ya bima ni serikali kweli? Mahakama ilisema kwa kuwa inaendesha bima ya lazima ya umma, serikali inabeba lawama yake. Kwetu Kenya jambo hili lingekuwa rahisi zaidi. Kifungu cha 20 cha Katiba ya 2010 kinasema Sheria ya Haki inawabana watu wote, si serikali peke yake. Cha 31 kinalinda faragha, na cha 24 kinasema haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa. Mtu akikuambia kwa mjadala kwamba faragha ni kati yako na polisi tu, mtumie vifungu hivyo vitatu.

Turudi Uswisi, maana ushindi wa kortini uligeuka. Bunge likasema sawa, mnataka sheria iliyo wazi? Hii hapa. Ilipitishwa Machi 2018. Kundi la wananchi, wakiwemo mwandishi na wakili, likaipinga na kukusanya sahihi kwa intaneti. Huko ukipata sahihi 50,000 ndani ya siku 100, sheria inapelekwa kwa kura ya maamuzi. Wakazipata. Ubishi mkubwa ukawa wa roshani: mpelelezi anaruhusiwa kukurekodi mahali panapoonekana kutoka sehemu ya umma, kwa hivyo je, ukianika nguo roshani kwako?

Tarehe 25 Novemba 2018 sheria ikapita kwa asilimia 64.7. Yaani mtu alishinda kesi ya faragha, na miaka 2 baadaye wapiga kura wakawapa wapelelezi wa bima za umma ruhusa rasmi. Siwezi kusema wananchi walidanganywa. Walipima ada wanazolipa na faragha ya jirani, wakachagua.

Sheria ilianza kazi Oktoba 2019. Inaruhusu siku 30 za upelelezi ndani ya miezi 6, picha na sauti, na lazima uambiwe baadaye kwamba ulifuatwa. Wakitaka kutumia kifaa cha GPS, wanahitaji ruhusa ya jaji. Kwa kamera, jaji hahusiki: anayeidhinisha ni mkurugenzi wa taasisi ile ile ya bima unayoidai.