Maji yasiyoonekana: Mvuke wa hewani unavyotawala mvua, joto na mifereji ya Mombasa

WAKAZI wa Likoni, Kisauni na Changamwe huishi kati ya maji ya aina mbili. Ya kwanza ni bahari, inayoonekana kila upande. Ya pili hayaonekani: ni mvuke wa maji uliomo hewani, ambao huleta mawingu na mvua, joto la usiku linalomnyima mtu usingizi, na hata maji ya mfereji yanayotoka mbali bara.

Mvuke wa maji ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Katika nchi za joto zilizo karibu na bahari, mvuke unaweza kufikia asilimia nne ya hewa yote. Majangwani na kwenye ncha za dunia huwa haba mno. Lau maji yote yaliyomo angani yangeanguka kwa pamoja na kuenea sawasawa duniani, kina chake kingekuwa milimita 25 hivi tu. Hata hivyo, maji hayo hayatulii. Kwa wastani, yanayogeuka mvuke leo hurudi chini baada ya siku tisa au kumi.

Joto na jasho

Kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa hewani hutegemea joto. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 hujaa ikiwa na gramu 17 hivi za mvuke. Yenye nyuzijoto 30 hujaa ikiwa na gramu 30 hivi. Hewa inapokaribia kujaa, jasho halikauki upesi na mwili hushindwa kujipoza. Ndiyo maana nyuzijoto 32 za Mombasa mwezi Machi huchosha kuliko nyuzijoto hizo hizo mahali pakavu. Wazee, watoto wachanga, wachukuzi wa mizigo na mafundi wanaojenga juani ndio walio hatarini zaidi.

Usiku, mvuke huo huzuia joto la ardhi lisipotelee angani. Kati ya gesi zote zinazohifadhi joto la dunia, mvuke wa maji ndio mwingi zaidi.

Pepo mbili

Misimu ya Pwani hufuata pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka upande wa Arabia na Pembe ya Afrika, na hewa yake huwa kavu kiasi. Ndiyo sababu Januari na Februari huwa na mvua chache mno Mombasa. Kusi hufuata, ikiwa imevuka bahari pana na kubeba mvuke mwingi. Mvua za masika huanza Machi au Aprili na kufikia kilele Mei. Za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Kwa mwaka mzima, Mombasa hupata milimita elfu moja hivi.

Mvuke peke yake haufanyi mvua. Ni lazima hewa ipande juu, ipoe, na mvuke ugande kuwa matone juu ya chembe za chumvi ya mawimbi, vumbi au moshi. Mvuke unapogeuka matone hutoa joto, na joto hilo husukuma wingu lipande zaidi. Hivyo ndivyo wingu dogo la asubuhi huweza kugeuka wingu la radi kufikia alasiri.

Mvuke mwingine hupita tu. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa hali ya anga John Findlater alichunguza mkondo wa upepo wenye kasi unaopita Afrika Mashariki katikati ya mwaka, ukavuka ikweta na kuelekea India. Mvuke unaopita juu ya Pwani mwezi Julai waweza kuwa mvua ya mkulima wa India siku chache baadaye.

Maji ya mfereji

Ukitoka Changamwe kuelekea bara, nchi hukauka upesi kufikia Taru na Mackinnon Road. Mvuke upo, lakini hakuna cha kuuinua hadi upepo ukutane na milima ya Taita na Chyulu. Mvua na ukungu wa Chyulu hupenya mawe ya volkano, maji yakapita chini kwa chini na kuibuka katika chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Kutoka huko, bomba la zaidi ya kilomita 200 huyafikisha Mombasa. Vyanzo vingine ni Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na vile vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mvua ikikosekana bara kwa muda mrefu, vyanzo hivyo hupungua, na wakazi hutegemea zaidi mitungi ya mkokoteni.

Mafuriko na ukame

Kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi. Hewa yenye joto hunyonya maji mengi udongoni wakati wa kiangazi, na huyamwaga kwa kishindo wakati wa mvua. Mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kupita kawaida yakilinganishwa na ya mashariki, na mvua za vuli zikaleta mafuriko. Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo mengi makavu ya Kenya.

Ardhi nayo huchangia. Changamwe imekalia zaidi mwamba wa udongo mgumu usiopitisha maji upesi, hivyo mvua kubwa hutiririka mabondeni. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni imekalia mawe ya matumbawe, yanayopitisha maji haraka pamoja na uchafu wa vyoo vya shimo hadi visimani. Baada ya mafuriko, maji ya kisima yafaa kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa, kwani hatari ya kipindupindu huongezeka.

Kukinga maji ya paani ni msaada ulio karibu. Paa la meta 50 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huteremsha lita 500, sawa na mitungi 25 ya lita 20. Maji ya kwanza yaachwe yapite ili yasafishe paa, na tangi lifunikwe ili mbu wasizaliane. Yasiyokingwa hutiririka hadi baharini, na safari huanza upya.