Kisukari na Tiba ya Homa ya Ini C: Historia ya Swali Lililogeuka, 1989–2019

Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989. Kwa zaidi ya miaka ishirini iliyofuata, tiba yake ilitegemea sindano za interferoni, ambazo baadaye ziliambatanishwa na vidonge vya ribavirini. Matibabu yaliweza kuchukua wiki 48, na wengi hawakupona. Katika hali hiyo kisukari kilikuwa kizingiti. Mwongozo wa mwaka 2009 wa Chama cha Marekani cha Utafiti wa Magonjwa ya Ini ulikitaja kisukari kisichodhibitiwa vyema miongoni mwa sababu za kutompa mgonjwa dawa hizo.

Hoja ya kitabibu ilikuwa imeimarishwa mwaka 2005 na Romero-Gómez na wenzake nchini Hispania. Miongoni mwa wagonjwa wenye virusi vya aina ya kijeni ya 1, asilimia 60.5 ya wasio na ukinzani wa insulini walipona. Kwa wenye ukinzani, asilimia 32.8 tu. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba sukari ikidhibitiwa, dawa itafanya kazi. Lakini kilichopimwa kilikuwa ukinzani wa insulini, si udhibiti wa sukari, na ukinzani huo huandamana na makovu ya ini, ambayo yenyewe hupunguza uwezekano wa kupona. Watafiti walipoongeza metformini katika tiba, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuwa asilimia 52.5 dhidi ya 42.2, tofauti isiyotosha kitakwimu. Nafuu ya wazi ilionekana kwa wanawake peke yao. Kizingiti, basi, kilisimama juu ya ushahidi wa uhusiano kuliko wa chanzo.

Dawa zinazowashambulia virusi moja kwa moja, sofosibuviri ikiwamo, zilikiondoa kizingiti hicho kabla mjadala haujaisha. Misri, ambako virusi vilikuwa vimeenezwa na sindano za kichocho zilizotumiwa kwa watu wengi bila kutakaswa ipasavyo, ilipima karibu watu milioni 50 kati ya 2018 na 2019. Sukari na shinikizo la damu vilipimwa papo hapo, kama magonjwa yanayostahili tiba yake. Kati ya waliotibiwa ambao matokeo yao yalijulikana, asilimia 98.8 walipona.

Tangu hapo swali limegeuka: tiba ya virusi humfanyia nini mwenye kisukari? Virusi vikiondoka, ukinzani wa insulini hupungua, na dozi ya insulini iliyomfaa mgonjwa jana yaweza kumshusha sukari kwa hatari leo. Ndiyo maana mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeagiza sukari ya wagonjwa hao ifuatiliwe kwa karibu tangu tiba inapoanza.