Mgandamizo wa udongo laini chini ya mzigo wa hatua

Mgandamizo huu ni kupungua kwa ujazo wa tabaka la udongo wa mfinyanzi au tope lililojaa maji, maji yanapokamuliwa polepole na mzigo ulio juu yake. Kushindilia ni kazi nyingine: rola hutoa hewa, tena papo hapo.

Utendaji

Tuta la barabara linapoinuliwa juu ya udongo laini, mzigo hubebwa kwanza na maji yaliyonaswa kati ya chembe. Maji yakishapata njia, mzigo huhamia kwenye chembe, nazo hukaribiana. Tuta huzama, na udongo hupata nguvu ya kubeba safu inayofuata. Ndiyo maana mhandisi makini hujenga safu kwa safu na kusubiri. Tuta likiinuliwa kwa mkupuo, udongo huweza kuteleza: ardhi ya kando huvimba na nyufa hutokea juu.

Muda hukua kwa mraba wa njia ya maji. Tabaka la mita 4 huchukua mara nne ya muda wa lile la mita 2, mengine yakiwa sawa. Ili kuharakisha, huzamishwa nguzo za mchanga au mikanda ya plastiki ya kupitishia maji, au huongezwa kifusi cha muda kinachoondolewa baadaye. Ruhusa ya kuweka safu mpya hutolewa na vipimo vya shinikizo la maji na vya kuzama kwa tuta, si kalenda ya mkandarasi.

Historia

Nadharia ya mgandamizo huu ni ya Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyefundisha Istanbul. Kitabu chake kilitoka Vienna mwaka 1925. Kupima mgandamizo huo, maabara bado huipakia sampuli ya udongo mzigo maradufu, kwa kawaida kila saa 24.

Kiomboi na Wembere

Nchini Tanzania, mji wa Kiomboi uko kwenye uwanda wa juu wa Iramba, penye miamba ya matale. Hapo suala hili ni dogo. Bondeni ni tofauti. Mto Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na Mto Sibiti hutoka humo kwenda Ziwa Eyasi, kupitia tambarare zinazofurika. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi. Ukiwa umekauka, nadharia ya Terzaghi haiufai moja kwa moja. Kwenye vinamasi vya kudumu inafaa. Tabaka likiwa jembamba, kulichimba na kujaza changarawe ni nafuu kuliko kusubiri.