Je, Buddha Alipata Kuishi?

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, katika somo la historia tulizoezwa kuuliza swali moja mbele ya kila habari: ushahidi uko wapi? Swali hilo ni jepesi likiulizwa juu ya vita au mkataba. Huwa zito likiulizwa juu ya mwanzilishi wa dini, maana anayeuliza huonekana mkorofi, na anayejibu huwa na imani ya kuilinda. Nimechagua habari ya Buddha kwa sababu inatuonyesha vizuri namna ya kupima ushahidi.

Buddha hakuacha maandishi. Wataalamu hawajakubaliana hata juu ya mwaka aliofariki: wengine husema karibu 483 kabla ya Kristo, wengine karibu 400. Mafundisho yake yalihifadhiwa vichwani mwa watawa, wakikaririshana kizazi kwa kizazi, na kwa mapokeo ya Sri Lanka hayakuandikwa mpaka karne ya 1 kabla ya Kristo. Wasomi wa Ulaya walipoanza kuvichambua vitabu hivyo katika karne ya 19, walikuta habari za mtu zimechanganyika na miujiza. Horace Hayman Wilson, profesa wa Kisanskriti huko Oxford, alidokeza katika miaka ya 1850 kwamba huenda mtu huyo hakuwapo. Mfaransa Émile Senart, katika miaka ya 1870, alieleza kwamba masimulizi ya maisha yake kwa sehemu kubwa ni ngano za jua. Mholanzi Hendrik Kern akaenda mbali zaidi, akayafasiri hata mafundisho yenyewe kwa nyota na miezi.

Waliowajibu ni pamoja na Mjerumani Hermann Oldenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1881, na Mwingereza T. W. Rhys Davids, ambaye alijifunza Kipali alipokuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon. Hoja yao ilikuwa kwamba vitabu vya Kipali vina mambo mengi ya kawaida mno: majina ya miji na wafalme, magomvi ya watawa, na mwalimu mzee anayelalamika maumivu ya mgongo, kisha anaugua baada ya kula nyumbani kwa mhunzi. Jua haliumwi mgongo.

Mwaka 1896 ardhi nayo ikatoa ushahidi wake. Huko Lumbini, katika nchi ya Nepal, ilipatikana nguzo ya mawe yenye maandishi ya mfalme Ashoka, aliyetawala karibu miaka 268 hadi 232 kabla ya Kristo. Herufi zake ziliweza kusomeka kwa sababu James Prinsep, ofisa wa kiwanda cha sarafu huko Calcutta, alikuwa amezifumbua mwaka 1837. Mfalme anasema kwamba katika mwaka wa 20 wa utawala wake alifika mwenyewe kuabudu, kwa kuwa hapo ndipo alipozaliwa Buddha. Kwa jinsi wengi wanavyoyasoma maneno yale, akakisamehe kijiji kodi, kikabaki kulipa fungu la nane tu la mazao. Sisi tuliofanya kazi serikalini twajua kwamba mapato hayapunguzwi kwa sababu ya ngano isiyo na wenyewe.

Hata hivyo, hapana budi tuwe waangalifu. Alois Führer, mmoja wa waliohusika na ugunduzi huo, aliondolewa kazini mwaka 1898 baada ya kubainika kwamba alikuwa akitoa masalia bandia ya Buddha. Wataalamu walio wengi wanayakubali maandishi ya nguzo kuwa ni ya kweli. Lakini hata yakiwa ya kweli, yanathibitisha tu yale ambayo watu waliamini miaka 150 au zaidi baada ya kifo chake. Ndiyo sababu mjadala haujafa. Mwaka 2017 mwanachuoni David Drewes aliandika kwamba hatuna msingi wa kumhesabu Buddha kuwa mtu wa historia. Wengine, akiwamo Alexander Wynne mwaka 2019, wakampinga kwa hoja nzito.

Mimi nakubaliana na wanaosema aliishi. Jamii ya watawa yenye kanuni zake, iliyokubaliana juu ya mwalimu mmoja na vijiji alivyopita, haielezeki kwa urahisi bila mwalimu huyo. Lakini kusema aliishi si kusema kila kisa chake kilitukia. Hayo ni maswali mawili, na wengi wanaogombana juu ya jambo hili huyachanganya.

Swali hili latuhusu hata sisi tusio Wabuddha. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alisema kwamba Afrika haikuwa na historia ila ile ya Wazungu waliofika. Tukikubali kwamba asiyeandikwa katika zama zake hakuwapo, tutakuwa tumewafuta babu zetu kwa kalamu yetu wenyewe. Na tukikubali kila simulizi kama lilivyo, tutakuwa tumeiacha kazi ya historia. Kumbukumbu ya mdomo ni shahidi kama shahidi mwingine: aitwe, asikilizwe, kisha aulizwe maswali.